Sikukuu Ugenini kwa Ajili ya Watoto

Ndugu Waislamu, twaulizwa: kijana aiachaye Idi ya kwao, akaenda nchi ya mbali kuwatumikia watoto, je, ametenda wema?

Sisi wa Bonde la Ufa twaikumbuka Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka mafuta, moto ukawaua zaidi ya 100. Wako watoto walioachwa mayatima. Yatima hana haja ya mgeni wa siku moja, amzoeaye asubuhi na kumkosa jioni. Huko ni kufiwa mara ya pili.

Basi mwenye kwenda na atake kwanza radhi ya wazazi wake, kisha akae hata baada ya Idi, siku zisizo na pilau wala nguo mpya. Hapo ndipo wema hujulikana.

Wallahu aalam.