Kupumzika Juu ya Jasho la Wengine

Huko Gedling, karibu na Nottingham, Uingereza, palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa mwaka 1991. Wachimbaji walitoka nchi nyingi, wengine Jamaika. Wako waliofia humo. Kilima cha vifusi walivyovitoa chini ya ardhi kikaota majani, na mwaka 2015 kikafunguliwa kuwa bustani ya watu wote.

Je, ni vibaya watoto kucheza juu ya jasho la wengine? La. Hata wachimbaji waliwatakia watoto wao jua na hewa safi. Ubaya ni kucheza bila kuambiwa. Basi mzazi apandaye kilima kile na mwanawe amweleze ni mikono ya nani iliyokiinua. Kusahau deni si kulilipa.