Ushauri na "Shauri Yako"

Neno "ushauri" na ile kauli ya mtaani, "shauri yako", yametoka tumbo moja. La kwanza linasema: njoo tufikirie pamoja. La pili linasema: ukianguka, usiniite. Mkulima mdogo hupewa yote mawili kwa pamoja, na mtu yule yule. Panda mbegu hii, weka mbolea hii, na mavuno yakikataa, shauri yako.

Swali hili linanigusa mfukoni. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kati ya vibarua vya uandishi vinavyonilipia nyumba hapa Eldoret kuna kuandika jumbe fupi za ushauri zinazotumwa kwa simu za wakulima. Sina hata kitalu cha sukuma wiki. Nina haki gani ya kumwambia mwenye ekari mbili kule Moiben afanye nini na pesa yake?

Sisi wa town tuna jibu la haraka. Mkulima akikataa teknolojia mpya, tunasema hajasoma, au ameshikilia mambo ya babu. Historia haituungi mkono. Mahindi chotara aina ya 611 yalipotoka Kitale mwaka 1964, wakulima wadogo wa magharibi hawakuchelewa kuyachukua. Waliona tofauti kwenye shamba la jirani, basi.

Halafu kuna Busia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walipima mapendekezo ya Wizara ya Kilimo kwenye vipande vidogo ndani ya mashamba ya wakulima wenyewe. Matokeo yalichapishwa 2008. Mpango kamili, yaani mbegu chotara, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, uliongeza mahindi kweli, lakini kwa mkulima wa kawaida haukurudisha gharama. Kilicholipa vizuri ni nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo. Yaani wale waliokataa mpango mzima, ambao tungewaita washamba, hesabu yao ilikuwa karibu na ukweli kuliko karatasi ya ofisini.

Afisa wa kilimo hakuwa mwongo. Alikuwa anajibu swali la magunia: nini kinatoa mahindi mengi? Mkulima ana swali lingine: nini kitabaki mfukoni, na nikikosa, watoto watakula nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa Uasin Gishu tuna msimu mmoja mkuu wa mahindi. Unapanda Machi au Aprili, unavuna kuanzia Oktoba. Ukikosea, umekosea mwaka. Mshahara wa afisa unaingia mvua inyeshe isinyeshe. Mimi nami nalipwa kwa ujumbe, si kwa gunia.

Na kuna hatari ambayo hata mshauri mwenye nia safi haioni. Mwaka 2024 wakulima walifuata ushauri, wakaenda kwenye maghala ya NCPB kuchukua mbolea ya ruzuku, na baadhi yao wakaondoka na mbolea iliyopatikana kuwa chini ya kiwango. Serikali iliahidi kuwafidia. Mfuko wa mbolea unaweza kufidiwa. Wiki za mvua zilizopita hazirudi.

Sasa tunyamaze? Hapana. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, kunyamaza kungekuwa ukatili. Mkulima alihitaji mtu wa kumwonyesha huyo mdudu mgeni na kumwambia akague mimea lini. Tangu ugatuzi wa 2013, kazi ya ugani iko mikononi mwa kaunti, na maafisa hawatoshi. Pengo linajazwa na muuzaji wa agrovet, redio na simu. Washauri tuko wengi. Wanaorudi baada ya mavuno kuuliza "ilikuwaje?" ndio adimu.

Kwangu mimi, hapo ndipo haki ilipo. Ukimshauri mtu kuhusu kitu ambacho hasara yake haitakufikia, una deni kwake. Unamdai imani, naye anakudai ukweli wote: inagharimu ngapi, ikifeli atapoteza nini, na anaweza kujaribu kidogo kiasi gani kabla ya kuweka shamba lote. Akikataa baada ya kusikia hayo, heshimu hapana yake kama unavyoheshimu ndiyo yake. Huenda anajua kitu kuhusu udongo wake, au kuhusu madeni yake, ambacho wewe hujakiuliza.

Ujumbe mmoja wa simu una herufi 160. Zinatosha kuandika: jaribu mistari mitano kwanza, gharama ni hii, mvua ikikosa utapoteza hii. Kama hazitoshi kwa hayo, basi hazitoshi pia kumwambia mtu auze mbuzi anunue mbolea.