Mkono wa Baba

Huku Bukene mume ampigapo mkewe, wazee huambiwa, "Si yeye, ni pombe", na pengine, "Ni pepo." Nililikumbuka neno hilo nilipokisoma kitabu cha kutisha cha Mmarekani Stephen King, The Shining, kilichotolewa mwaka 1977. Humo Jack Torrance ahamia na mkewe na mwanawe Danny katika hoteli tupu ya milimani, yenye mizimu. Hata mwisho awawinda awaue.

Wengi husema mizimu ndiyo iliyomharibu. Lakini Danny alivunjwa mkono na babaye kabla hawajaiona nyumba ile, kwa sababu alizichafua karatasi zake. Naye Jack, alipokuwa mtoto, alimwona babaye akimpiga mamaye kwa fimbo mezani pa chakula. Hayo yalinitisha kuliko maiti zote za kitabuni, maana Jack alimpenda mwanawe kweli.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, hakimpi mume wala mke haki ya kumpiga mwenziwe, pombe haikutajwa.

Nilimwuliza jirani mmoja apendaye udhuru ule: mbona mlevi hampigi kamwe mwenye kilabu? Akacheka, kisha akanyamaza.