Nilisema Nimefunga

Tangazo la misheni ya Agosti limeshasomwa mara mbili, na wengi wenu mmeandikisha majina. Kabla hatujaanza kukusanya nguo na unga, nina jambo la kuungama, na swali ambalo bado linanisumbua.

Desemba 2022 nilikuwa kwenye ile timu iliyokwenda Turkana. Mnakumbuka tulivyoondoka: kesha, mchungaji akatuwekea mikono, alfajiri basi likashika Waiyaki Way, tukaimba mpaka Nakuru. Baada ya Kitale na Kapenguria nyimbo zikapungua. Ukifika Lodwar umemaliza karibu kilomita 700, na kijiji chetu kilikuwa mbele zaidi. Ukame ule serikali ilikuwa imeutangaza janga la kitaifa tangu Septemba 2021. Mizoga ya mbuzi tuliiona wenyewe kando ya njia.

Tulibeba kila kitu: hema, spika, jenereta, mpishi wetu, na katoni za maji tulizonunua River Road kwa bei ya jumla. Tena tulikuwa na sheria moja: usile wala usinywe chochote cha kijijini, usije ukaugua ukaharibu kazi. Sheria ya busara. Mimi mwenyewe niliitikia amina.

Siku ya pili tulikwenda boma kwa boma, na mchungaji wa pale ndiye alikuwa mkalimani. Mama mmoja mzee alitukaribisha kivulini, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa. Maziwa ya wale mbuzi wachache waliobaki. Akaninyooshea mimi kwanza.

Nikasema, "Mwambie asante, lakini nimefunga."

Sikuwa nimefunga. Asubuhi nilikula mkate na mayai. Mchungaji akatafsiri, na yule mama akakirudisha kibuyu kwa heshima, kama mtu aliyekutana na mtumishi wa kweli. Saa saba hivi, nikiwa nyuma ya basi na sahani yangu ya pilau, nikainua macho nikamwona amesimama pale. Alikuwa amemleta mjukuu wake aombewe. Hakusema kitu. Tukamwombea mtoto, na mdomo wangu bado una mafuta.

Uongo ni uongo. Huo nimeutubu na sitaupamba. Swali langu ni lingine. Je, ningesema ukweli, kwamba siwezi kunywa, ingekuwa sawa?

Hebu someni Luka 10. Wale sabini walitumwa safari fupi tu, kama zetu, lakini Bwana aliwakataza mfuko na mkoba, akawaambia wakae nyumba moja, wale na kunywa wanachopewa. Zamani nilidhani ni kwa ajili ya kujaribu imani yao. Siku hizi nafikiri ilikuwa pia kwa ajili ya wenye nyumba. Hata yule mwanamke Msamaria, Yesu alianza kwa kumwomba maji. Sisi tulifika bila kuhitaji chochote, tukamwachia yule mama kazi moja tu, ya kupokea. Nyumbani kwake, sisi ndio tukawa wenyeji.

Lakini hapa ndipo ninapokwama. Njaa ilikuwa ya kweli. Maziwa yale pengine yalikuwa ya mjukuu. Bwana huyo huyo, katika Marko 12, aliwakemea wanaokula nyumba za wajane. Mtaniambia Eliya alimwomba mjane wa Sarepta chakula chake cha mwisho, tena wakati wa ukame. Ni kweli, ila Eliya alikuwa na neno kwamba unga hautaisha. Mimi nilikuwa na kiti cha basi cha kurudi Kangemi Jumatatu. Siwezi kujifanya Eliya.

Basi labda ningeonja tu, funda moja, kisha nimpe mtoto. Ndugu mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani anasema hata hilo ni maigizo. Simkubalii. Ukienda ushago kwa shosho umeshiba, si bado unaonja? Na hakuna anayekuita mnafiki.

Mwaka jana yule mchungaji wa Turkana alileta mgonjwa Nairobi, akalala kwangu siku tatu. Mfereji ulikuwa umekauka wiki nzima, tunanunua maji ya mkokoteni. Nilitaka kumchemshia, kumbe ameshakunywa. Akala ugali na sukuma, akaongeza. Nikamuuliza habari za yule mama. Akasema yupo, na kwamba aliwahi kumuuliza kama maziwa yake siku ile yalikuwa na harufu.

Nimejiandikisha tena. Nimemwomba kiongozi wa timu tuizungumzie ile sheria Jumatano baada ya maombi. Anayeweza, aje.