Nani ana pa kuangukia?

Mtoto alianguka kutoka mtini na hakuna aliyepiga kelele.

Haukuwa mti wa kutisha. Tawi lenyewe lilinifika kifuani. Alikuwa na miaka minne hivi, gambuti zake za manjano zimejaa tope. Alikaa chini, akaangalia goti lake lililochubuka, kisha akamwangalia ticha. Ticha alikuwa amechuchumaa hatua mbili tu kutoka pale. Akamuuliza kwa Kiingereza kama tawi lilikuwa jembamba au alishika vibaya. Mtoto akafikiri, akajibu kwamba alishika vibaya. Akapanda tena.

Nilikuwa pale kikazi. Chekechea moja ya Nairobi inayofundishia watoto msituni ilinipa kibarua cha kuandika maneno ya kuwavutia wazazi. Mimi huandika chochote kitakacholipa rent, kwa hivyo nilirudi keja na daftari limejaa maneno kama "uthubutu" na "kujiamini".

Wikendi hiyo nikaenda kumwona dadangu, Pipeline. Mpwa wangu pia ana miaka minne, na yeye pia alikuwa amechubuka goti. Alikuwa anacheza nje ya ploti na wenzake, akajaribu kuruka mtaro, akateleza. Jirani alimfokea dadangu mbele ya watu: "Wewe ni mama wa aina gani, unaacha mtoto azurure na boda zinapita hapo?" Usiku dadangu alilia. Sikuwa na la kumwambia, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimelipwa kusifu goti lililochubuka.

Kidonda ni kilekile. Kwa nini upande mmoja kinaitwa malezi bora na upande mwingine kinaitwa uzembe?

Chekechea za msituni si jambo la jana. Kule Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mama mmoja, Ella Flautau, alikuwa akishinda msituni na watoto wake pamoja na wa majirani. Wazazi wengine wakavutiwa, na matembezi yale yakazaa chekechea. Ujerumani, ile ya mji wa Flensburg ilitambuliwa rasmi mwaka 1993, na leo nchi hiyo ina zaidi ya 1,000. Watoto wa miaka mitatu hadi sita hushinda nje, mvua inyeshe au theluji ianguke. Vitu vya kuchezea ni vijiti, mawe na matope. Wengine hufundishwa kuchonga mbao kwa kisu cha kweli.

Ukisikia hivyo unadhani watoto wameachiliwa tu. Lakini ukishinda nao asubuhi moja, unaona uhuru huo umeandaliwa na watu. Kabla watoto hawajafika, kuna mtu amepita akiangalia matawi makavu yanayoweza kuanguka. Kuna mahali walipokubaliana kwamba ukifika, unasimama na kungoja wenzako. Kuna nguo za kubadilisha na kisanduku cha dawa. Mtoto anaona miti tu. Haoni wavu uliotandazwa chini yake.

Najua kuna msee atasema: sisi tulikulia ushago, tulipanda miembe, na hakuna aliyelipiwa karo ya kucheza na matope. Ni kweli. Lakini ushago pia wavu ulikuwepo. Ukianguka, mama yeyote aliyekuona alikuwa mama yako. Angekupangusa damu, akuchape kidogo, kisha akupeleke kwa nyanya yako. Kile ambacho wengine wananunua Nairobi leo si matope. Wananunua mtu wa kuchuchumaa hatua mbili kutoka kwa mtoto wao.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Niliacha chuo muhula mmoja na jamaa mwingine. Yeye babake ana duka la vifaa vya ujenzi, kwa hivyo watu walisema anajitafuta. Mimi walisema nimepotea. Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba kufeli ni mwalimu, huwa nataka kumuuliza: ulipofeli, ulilala wapi?

Sisemi zile chekechea ni unafiki. Yule mtoto wa gambuti alijifunza kitu cha kweli, na singependa anyang'anywe. Shida inaanza tunapouita uthubutu wake tabia njema ya familia yake, halafu tunauita wa mpwa wangu utundu wa mtoto asiyelelewa. Yule jirani alikuwa na swali zuri, ila alimuuliza mtu asiyestahili. Mbona hakuuliza ni nani alipaswa kufunika ule mtaro? Ni nani alijenga maghorofa yakagusana bila kuacha hata kipande cha uwanja?

Januari 1999, Wangari Maathai alipigwa hadi akatoka damu kichwani alipokwenda kupanda mche Karura, wakati ardhi ya msitu ule ilikuwa ikigawiwa watu binafsi. Msitu upo mpaka leo kwa sababu kuna watu walikataa kuamini kwamba kilicho cha wote ni cha mwenye pesa. Nadhani mahali pa mtoto kuangukia ni kitu cha aina hiyo.

Mwezi uliopita nilimpeleka mpwa wangu Karura. Matatu mbili kwenda, mbili kurudi, na kiingilio. Alipata tawi la chini akapanda, akateleza, mikono yangu ikamdaka kabla sijafikiri. Alikasirika. "Anko, wacha nianguke!"

Mara ya pili nilichuchumaa, nikaweka mikono nyuma. Alianguka, akacheka, akapanda tena.

Jumatatu alirudi kucheza kando ya mtaro. Bado uko wazi.