Mguso Ambao Mwamuzi Hakuuona

Mwaka 1932, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, Mwingereza Judy Guinness na Ellen Preis wa Austria walimaliza fainali ya foili ya wanawake wakiwa sawa kwa ushindi. Dhahabu ikabaki kwenye pambano moja la kuamua. Katika kuwania dhahabu hiyo, Preis alimgusa mwenzake mara mbili na waamuzi hawakuona. Guinness akawaambia kwamba ameguswa. Miguso ikahesabiwa, Preis akachukua dhahabu, Guinness akarudi nyumbani na fedha.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila nikiirudia najiuliza swali moja: alichofanya Guinness ni wema, au ni wajibu tu? Unaweza kudhani hakuna tofauti. Mimi nadhani tofauti ipo, na kwamba sisi tunaopita Kariakoo kila siku tunaihitaji kuliko hata wacheza vitara.

Mchezo wenyewe kwetu haujazoeleka. Ukitaja Upanga hapa mjini, mtu atakuuliza ni Mashariki au Magharibi. Jirani zetu wa Kenya wameshafika: Alexandra Ndolo, aliyeshinda fedha ya dunia mwaka 2022 akiichezea Ujerumani, alihamia timu ya nchi ya baba yake, na mwaka 2024 jijini Paris akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika vitara kwenye Olimpiki. Yeye hutumia silaha iitwayo epe. Kwenye foili, Mtunisia Inès Boubakri alipata shaba Rio mwaka 2016, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huu.

Foili ni upanga mwepesi usiokata. Pointi hupatikana kwa ncha, na kiwiliwili pekee ndicho kinachohesabiwa. Ukimgusa mtu mkononi au mguuni, hujapata kitu. Kuanzia 1924 hadi epe ilipofunguliwa kwa wanawake mwaka 1996, foili ndiyo silaha pekee waliyoshindania kwenye Olimpiki. Wakati wa Guinness hapakuwa na waya wala taa za kuonyesha nani kaguswa. Palikuwa na mwamuzi mkuu na wasaidizi wanne, na wote walitegemea macho yao, wakati ncha huenda na kurudi kabla hujapepesa.

Lakini palikuwa na mtu ambaye hakuhitaji macho, naye ni aliyeguswa. Huo ndio ugumu wa mchezo huu: shahidi bora wa kila mguso ni yule ambaye mguso huo unamtia hasara. Ndiyo maana wacheza vitara wa zamani walikuwa na desturi ya aliyeguswa kukiri mwenyewe.

Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, ameweka kisa cha pete ya Gyges, inayomfanya anayeivaa asionekane. Swali lake ni hili: ukiwa na pete hiyo, utaendelea kutenda haki? Kariakoo pete hiyo huinunui, maana msongamano wenyewe unakuvisha. Simama Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi, watu wakipishana mabega, mikokoteni ikipiga kelele ya kuomba njia, na uniambie nani ataona kidole kimoja kikikandamiza mizani. Waswahili walishaliona tatizo hili siku nyingi: mwamba ngoma huvutia kwake. Guinness aliwamba ngoma akavutia kwa mwenzake.

Niliwahi kulipeleka swali hili kijiweni, karibu na Mtaa wa Msimbazi, mahali ambapo kila mtu ni kocha. Sikupata hata mmoja wa kumtetea. Wa kwanza alisema kazi ya mwamuzi ni kuona na kazi ya mchezaji ni kucheza, kila mtu abaki kwenye kazi yake. Wa pili alimtaja Maradona na goli lake la mkono dhidi ya Uingereza, Juni 22, 1986: mwamuzi kakubali, goli ni goli, Argentina wakaenda kuchukua kombe. Wa tatu, kijana mpole ambaye kwa kawaida hachangii sana, akauliza: "Sasa kama umevaa jezi ya Taifa, hiyo medali ni yako peke yako? Unaigawaje?"

Hoja mbili za mwanzo hazinisumbui. Mwamuzi amewekwa autafute ukweli wa kilichotokea. Hakupewa uwezo wa kuufuta. Mguso ambao hakuuona bado ni mguso, kama ambavyo mwizi ambaye hakukamatwa bado ameiba. Na goli la Maradona, pamoja na umaarufu wake wote, karibu miaka 40 baadaye bado linatajwa pamoja na ule mkono.

Hoja ya yule kijana ndiyo iliyoninyima usingizi. Anayeuza duka la mtu hana ruhusa ya kugawa mali ya tajiri wake ili yeye aonekane mkarimu. Ukitaka kutoa, toa chako. Guinness alikuwa na Uingereza mgongoni. Ikiwa alichofanya ni ukarimu, basi yule kijana ana haki: alikosea, kwa sababu aligawa kitu ambacho hakikuwa chake peke yake.

Njia ya kumtetea ni moja tu, nayo ni kukataa kwamba alitoa chochote. Miguso ile miwili ilikuwa ya Preis tangu ncha ilipofika kifuani. Uingereza haikuwahi kuimiliki, kwa hiyo hapakuwa na cha kuigawa. Guinness alirudisha tu. Na muuza duka anayemrudishia mteja chenji aliyoisahau mezani hajamwibia tajiri wake hata senti.

Shangazi yangu anauza vitenge Kariakoo. Siku moja nikiwa dukani kwake, mteja wa mkoani alilipia mzigo kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha ukachelewa, akatuma tena. Akaondoka na robota lake bila kujua kwamba amelipa mara mbili. Ujumbe ulipoingia, shangazi akampigia, akamwambia arudi au aseme atumiwe hela yake namba ipi. Majirani wa duka wakaanza: "Mama, una moyo wewe! Siku hizi watu kama wewe hawapo." Nilitegemea afurahi. Alikasirika. "Moyo wa nini? Hela si yangu."

Hasira ile imenifundisha zaidi ya mihadhara mingi. Daftari la duka lina sehemu ya madeni, na mtu akitaka anaweza kuweka na sehemu ya sadaka. Majirani, kwa nia njema kabisa, walikuwa wanahamisha kitu kutoka madeni kwenda sadaka. Sadaka ni hiari. Ukitoa unasifiwa, usipotoa hakuna wa kukudai. Tukishauita uaminifu moyo mzuri, tumeshampa ruhusa kila asiye na moyo huo abaki na hela za watu. Sifa tunazomwagia mtu mwaminifu zinaweza kuwa namna yetu ya kujisamehe mapema.

Wapo watakaosema tuachane na mioyo ya watu, tuweke mashine. Vitara walifanya hivyo. Epe iliingizwa umeme kwenye Olimpiki ya 1936, foili ikafuata miaka ya 1950, na leo taa ndiyo inayosema. Halafu mwaka 1976, Montreal, Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovieti alikamatwa katika mashindano ya michezo mitano akiwa na epe iliyotengenezwa iwashe taa bila kumgusa mtu. Mashine iliyowekwa kuziba pengo la dhamiri ikawa chombo cha kudanganyia.

Sisi nasi tuna mashine zetu. Mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Bado ukiuliza bei Kariakoo unaweza kujibiwa kwa swali: ya risiti au bila risiti? Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka, pamoja na mengine wakilalamikia kamatakamata ya watu wa kodi, hadi Waziri Mkuu akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Sisemi nani alikuwa na haki katika mgogoro ule. Ninachokiona ni soko ambalo kila upande unaamini mwenzake atanyamaza akiguswa, na katika soko la namna hiyo mashine haitoshi.

Kuna jambo moja zito ambalo siwezi kulipita. Mchezo wa vitara wa mwaka 1932 ulikuwa wa ridhaa. Medali ile haikulipa kodi ya nyumba. Mama anayeuza nyanya kwa mtaji wa mkopo wa kausha damu, ambaye jioni lazima apeleke marejesho, anaombwa kitu kizito zaidi. Kama meza ya jirani ina mizani iliyochezewa, nyanya zake za kilo kamili zitaonekana ghali. Ukweli ule ule unamgharimu mmoja medali, na mwingine chakula cha watoto.

Ninakubali kwamba bei ni tofauti. Deni, hata hivyo, ni lile lile: gramu mia alizopunjwa mteja ni za mteja, awe amepunjwa na tajiri au na maskini. Kinachobadilika ni orodha ya wanaohusika. Pale ambapo kusema kweli kunamfilisi mtu, anayepanga soko naye ana lawama, na anayenunua pia. Sisi tunaouliza bei ya bila risiti kisha jioni tukalalamikia barabara mbovu, tumeguswa na tumenyamaza.

Ellen Preis aliendelea kushindana kwenye Olimpiki hadi mwaka 1956. Alipata shaba 1936 na tena 1948, lakini dhahabu hakuipata tena; ile ya Los Angeles ndiyo aliyobaki nayo. Ninapomfikiria, naona kitu ambacho Plato na pete yake hawakukigusa. Tunazungumza kana kwamba Guinness angenyamaza hakuna ambaye angejua. Lakini kwenye foili, mwenye upanga husikia mkononi ncha inapofika, upanga hupinda. Preis naye alijua. Waliokuwa hawajui ni waamuzi tu.

Ndivyo ilivyo hata sokoni. Mteja anayepunjwa huenda asiseme kitu pale mezani, kwa sababu ya haraka, au jua, au daladala linaloondoka. Atajua akifika nyumbani, sufuria isipojaa kama alivyotarajia. Atakumbuka ni meza ya nani.