Gumba Lako Lina Kazi Gani?

Mpwa wangu, mama yako kaniambia unataka kwenda kufungwa kiungo cha gumba, tena una haraka ya mtu aliyechoshwa na maumivu. Sikukatazi. La kwangu limefungwa na patasi bado naishika. Lakini kaa kitako kwanza, kuna mambo ambayo daktari mwenye foleni mlangoni huenda asipate nafasi ya kukueleza.

Kinachokuuma si gumba zima. Ni pale shinani, karibu na kifundo cha mkono, ambapo mfupa wa gumba umekalia kijifupa kiitwacho trapeziamu kama mtu juu ya tandiko la punda. Ndiyo maana gumba huzunguka likakutana na vidole vyote. Ulipoanguka na pikipiki, ufa uliingia ndani ya kiungo. Gegedu likasagika, na sasa mfupa unasugua mfupa. Wala usidhani ukishika msumari taratibu umekihurumia: nguvu ya kubana kwa ncha za vidole hufika pale chini imeongezeka mara 12 hivi. Kukandwa kwa mafuta ya nyonyo kunapoza tu, gegedu halirudi.

Daktari hukwangua mabaki ya gegedu pande zote mbili, akaikutanisha mifupa na kuibana kwa skrubu, waya au kibati cha chuma. Kisha unafungwa hogo kwa wiki kadhaa mpaka mifupa miwili iwe mmoja. Ikiunga, maumivu ya pale hukoma na mkono unapata nguvu ya nyundo. Isipounga, na hutokea, unarudi kupasuliwa. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Zile unazovutia nyuma ya karakana nazijua. Ziache kabla ya siku ya upasuaji, si baada yake.

Sasa nikwambie unachokipoteza. Kiganja changu hakilali tena bapa. Nikisujudu, gumba hutangulia kugusa mkeka, na upande ule wa kiganja unabaki umeinuka. Mfuko wa kanzu nautia mkono kwa ubavu. Kitu kikidumbukia kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, namwita mjukuu. Tonge nalifinya vizuri, maana viungo viwili vya juu vya gumba bado vinakunja. Ila hivyo, na mwenzao wa chini, ndivyo vinavyobeba kazi ya kile kilichofungwa, na miaka ikipita navyo huweza kuanza kuuma.

Mtu wa umri wako, anayegonga na kupiga randa kutwa, naona shauri hili linamfaa, kama banzi na sindano vimeshajaribiwa vikashindwa. Mama yako, ambaye naye hulishika gumba lake kila akimaliza kusukuma chapati, asikufuate. Uholanzi waliulinganisha upasuaji huu na ule wa kuondoa trapeziamu, kwa wanawake wa miaka 40 na zaidi. Utafiti huo, uliochapishwa 2014, ulikatishwa njiani kwa kuwa waliofungwa kiungo walipata matatizo mengi zaidi. Yeye akifika huko, aulizie kwanza kuondolewa kijifupa.

Ukienda, mwombe daktari atazame kwenye eksirei kiungo kilicho chini ya trapeziamu. Kama nacho kimelika, kufunga cha juu hakutakuondolea maumivu. Halafu chukua patasi yako, izungushie kitambaa mlinzi asikusumbue getini, umwonyeshe daktari unavyoishika. Gumba likishaungana, pembe yake ndiyo hiyo hiyo. Kwa kawaida huwekwa vile linavyokaa ukikunja ngumi, ncha yake juu ya kidole cha shahada, lakini ngumi ya mchonga milango si ya karani. Heri aione ungali macho, hujachomwa sindano ya usingizi.